Ateri ya Moyo Inapochipuka Pasipo Pake
Kwa takriban mtoto 1 kati ya 300,000 wanaozaliwa, ateri ya kushoto ya moyo huchipuka kwenye mshipa mkuu wa mapafu badala ya aota. Wiki chache baadaye shinikizo la damu mapafuni hushuka, na msuli wa moyo hukosa damu ya kutosha. Mtoto hutoka jasho, huhema na kulia anyonyapo. Huweza kudhaniwa ana nimonia au msokoto wa tumbo. Kipimo cha umeme wa moyo huashiria msuli ulioathirika; ekokadiografia hubainisha chimbuko la ateri. Dawa pekee hazitoshi: bila upasuaji wa kuihamishia ateri kwenye aota, wengi hufariki kabla ya kutimiza mwaka. Ikihamishwa mapema, mara nyingi moyo hurejesha nguvu. Hivyo, kila mtoto mchanga mwenye moyo uliotanuka achunguzwe ateri zake.