Likizo na watoto: mwendo wa safari uwe wa aliye mdogo

Kila zifungwapo shule, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, stendi zetu hujaa akina mama waliobeba mtoto mmoja mgongoni, wa pili wamemshika mkono, na wa tatu akivuta ncha ya buibui huku akilia. Ni safari za kheri hizi. Watoto wanapelekwa Ujiji, Tanga, Lindi au Pemba wakawaone bibi na babu, wakaunge udugu na binamu ambao huwasikia kwenye simu tu. Hata hivyo, familia nyingi hufika hoi. Baba hasemi na mama, mama anaitikia salamu kwa shida, na mtoto aliyetoka nyumbani akiruka kwa furaha ameshachapwa mara mbili njiani kwa kosa la kulia.

Watu wengi wameliona jambo hili mpaka wakadhani kuwa ndivyo safari ilivyo. Sisi hatukubaliani nao. Sehemu kubwa ya adha hiyo haitokani na watoto, bali na sisi wakubwa tunaoipanga safari kana kwamba wasafiri wote ni watu wazima. Na mfano wa kufuata tunao. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha swala aliyokusudia kuirefusha pindi anaposikia kilio cha mtoto, kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala ya jamaa msikitini ilipunguzwa kwa ajili ya kilio cha mtoto mmoja, ratiba ya basi ni kitu gani?

Tuanze na saa ya kuondoka, kwani hapo ndipo safari nyingi huharibikia. Desturi yetu ni kulikimbilia basi la kwanza, la saa kumi na mbili asubuhi. Kwa familia inayokaa Mbagala au Kigamboni, na basi linaondokea Kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, maana yake ni kuwaamsha watoto saa tisa za usiku. Mtoto aliyekatiwa usingizi namna hiyo, akifika Chalinze ameshakuwa na kisirani ambacho hakuna biskuti itakayokituliza. Safari ya Tanga ni ya kilomita 350 hivi, na mabasi yake huendelea kuondoka hata jua likiwa limepanda. Basi la saa tatu au saa nne litakufikisha jioni badala ya mchana, lakini litamkuta mtoto ameshalala usingizi wake, ameshakunywa uji wake na ameshakwenda choo cha nyumbani anachokizoea.

Safari za Mwanza, Bukoba na Kigoma zina hesabu nyingine. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wazazi wengi wamelifurahia hilo kwa kuwa watoto hulala njia nzima. Ni kweli hulala. Mzazi aliyewapakata ndiye asiyelala, na gari likiharibika porini saa nane za usiku, mwenye watoto wanne hana pa kuwaweka. Kwa mwenye uwezo tungependekeza aikate safari vipande viwili: treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inafika Dodoma kwa takriban saa nne, na hapo familia inaweza kulala kwa ndugu kabla ya kuendelea kesho yake. Na kwa mwenye muda mwingi kuliko fedha, reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, bado ina sifa moja ambayo basi halina: mtoto anaweza kusimama na kutembea. Mchovu wa treni si sawa na mchovu wa siti.

Tukitaja siti, lipo jambo ambalo tunajua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Mtoto wa miaka sita si wa kupakatwa saa kumi ili kuokoa nauli. Mapaja ya mama hufa ganzi, mtoto hupata joto, jirani wa siti hulalamika, na gari likifunga breki ghafla hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto huyo asirushwe mbele. Ikiwa nauli ya siti zote haipatikani Desemba hii, basi waende wawili sasa na wengine waende Juni. Bibi atafurahi kuwaona mara mbili.

Swala nayo huongeza wasiwasi wa safari, ilhali sheria imekuja kuuondoa. Kwa sisi tulio wengi katika mwambao tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, anayesafiri masafa ya kilomita 80 na zaidi kidogo ana rukhsa ya kuzipunguza swala za rakaa nne zikawa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Familia iliyosimama kula Korogwe baada ya wakati wa Adhuhuri kuingia inaweza kuziswali zote mbili hapo hapo, rakaa mbili na mbili, kwa masharti yake, ambayo ni vizuri baba ayapitie kwa sheikh wake kabla ya siku ya safari. Azingatie pia kwamba anayekwenda kukaa wiki mbili, rukhsa hii ni ya njiani. Akishafika anaswali kamili.

Lakini tujiulize: basi linaposimama dakika ishirini, ni nani anayeswali? Mara nyingi ni baba. Mama yumo katika foleni ya choo na mtoto wa kwanza, anamsafisha wa pili, anamlisha wa tatu, na honi ikipigwa anapanda garini hajaswali wala hajala. Kisha tunashangaa kwa nini amekasirika. Dawa yake ni ndogo: mama ashuke kwanza na aswali kwanza, baba abaki na watoto, kisha wabadilishane. Rakaa nne hazimalizi dakika kumi. Na nguo safi ya kuswalia isifungwe ndani ya begi lililowekwa kwenye buti la basi. Iwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kanga mbili na chupa ya maji ya kujisafishia, kwa kuwa mwenye mtoto mchanga hajui nguo aliyovaa itapatwa na nini kabla ya Segera.

Kugawana kazi kusiishie kwenye swala. Katika nyumba nyingi mama hufunga mizigo yote, hupika chakula cha njiani, hukumbuka dawa na nepi, na baba hushika tiketi na simu. Mgawo huo hauna uadilifu. Tungeshauri kila mtu mzima, pamoja na dada au mjomba anayefuatana na familia, apewe mtoto wake kwa jina tangu mlangoni hadi mlangoni. Mtoto anayeangaliwa na wote haangaliwi na yeyote, na stendi ya Desemba si mahali pa kuligundua hilo. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, "Mama." Basi wiki moja kabla ya safari afundishwe majina kamili ya wazazi na mtaa anaokaa, na siku ya safari awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu.

Kutapika ndiko kunakoogopwa na wengi. Sababu yake ni kwamba macho ya mtoto aliyeinama garini yanaiambia akili kuwa ametulia, na sehemu ya ndani ya sikio inaiambia kuwa anakwenda, basi mwili huvurugika. Wanaopatwa zaidi ni wa kati ya miaka 2 na 12. Wachanga huwa hawasumbuki sana. Kwa hiyo mtoto anayetapika akae siti za mbele, atazame nje na mbali, apate hewa, na asipewe simu ya kutazama katuni, maana hiyo simu tunayompa atulie ndiyo inayomchafua tumbo. Asisafiri na njaa, wala asishindiliwe chipsi na soda. Ndizi, mkate mkavu, maji kidogo kidogo na tangawizi kwa mbali vinatosha. Wanaokwenda Lushoto wajiandae hasa kuanzia Mombo, ambako barabara hupanda milima kwa kona zaidi ya kilomita 30, na juu huko mwezi wa Juni kuna baridi ambayo mtoto wa Dar es Salaam haijui. Sweta zikae juu ya begi, si chini. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, chombo kizuri cha kutapikia ni kopo tupu lenye kifuniko kinachokaza.

Hapa tunasimama kidogo kwa jambo zito. Wapo wazazi wanaowapa watoto dawa ya kikohozi au ya mafua, si kwa kuwa wanaumwa, bali ili walale njiani. Tunawasihi waache. Dawa nyingi za jamii hiyo zinazoleta usingizi zina hatari kwa watoto wadogo, na promethazini haipaswi kabisa kupewa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Mtoto aliyelala fofofo kwenye mapaja ya mama aliyesinzia anaweza kuacha kupumua na mtu asijue mpaka stendi. Mwenye mtoto anayesumbuliwa sana na safari amuulize daktari au mfamasia siku chache kabla, akitaja umri na uzito wa mtoto.

Kelele na kuchoka kukaa ni mambo mepesi zaidi. Vitendawili havijafa, vinasubiri kutegwa tu. Mtoto ahesabu malori, asikilizwe sura alizohifadhi madrasa, ahadithiwe jinsi babu yake alivyoisafiri njia hii hii alipokuwa kijana. Na kondakta aulizwe mapema, kabla ya kukata tiketi ikiwezekana, basi husimama wapi na mara ngapi kwa ajili ya kuchimba dawa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja, na kumkaripia kwa kisichokuwa katika uwezo wake ni dhulma. Wenye magari yao wasimame kila baada ya saa mbili, hata kama kila mtu anasema hajachoka.

Wanaovuka kwenda Unguja na Pemba mwezi wa Juni watakutana na bahari ya kusi, na mkondo wa Pemba unajulikana. Siti za katikati ya chombo, za chini, ndizo zenye mtikisiko mdogo, na anayelewa bahari atazame upeo badala ya kulala kifudifudi. Mara mkishakaa, ulizeni makoti ya kujiokolea ya watoto yako wapi. Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiasi, na miongoni mwa waliopotea walikuwemo watoto. Chombo kikijaa namna hiyo, tiketi ipotee na familia irudi nyumbani.

Kufika nako kuna mitihani yake. Jamaa wamejaa uani, kila mmoja anataka kusalimiwa, na mtoto aliyechoka anajificha nyuma ya mama, anakataa kusema shikamoo, na hapo hapo anaambiwa kuwa watoto wa mjini hawana adabu. Mzazi ndiye wa kumkinga. Aoge, ale, alale. Salamu ataziita mwenyewe kesho asubuhi akiwa na sauti. Ziara za kwa shangazi saba zisianze siku ya kwanza. Jambo la malazi, hata hivyo, halingoji kesho. Nyumba ya likizo hujaa, na watoto hutandikiwa mkeka mmoja na yeyote aliyepo. Dini imetufundisha kuwatenganisha watoto katika malazi wanapofikia miaka kumi, na hata walio chini ya hapo, mzazi ajue kabla ya taa kuzimwa mtoto wake amelala chumba gani na nani. Hakuna ndugu muungwana atakayekasirika kwa kuulizwa hilo, na anayekasirika ametupa sababu ya kuuliza tena.

Chandarua kiwemo katika mizigo, maana vya mwenyeji havitoshi, pamoja na pakiti mbili tatu za ORS zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe. Marejeo yawe siku mbili au tatu kabla ya shule kufunguliwa, si jioni ya kuamkia siku hiyo. Na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, isisemwe kuwa ni uchovu wa safari. Malaria haianzi siku ileile ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, kwa hiyo aliyeumwa na mbu Ujiji anaweza kuanza kutetemeka akiwa darasani Dar es Salaam. Apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na daktari aambiwe walikotoka.