Sega VR

Sega VR ilikuwa miwani ya uhalisia pepe iliyobuniwa na kampuni ya Sega kwa ajili ya mashine yake ya michezo ya video, Mega Drive, ambayo Amerika ya Kaskazini iliitwa Genesis. Ilitangazwa mwaka 1991 na kuoneshwa kwa umma mwaka 1993, lakini haikuwahi kuingia sokoni.

Muundo

Kifaa kilivaliwa kichwani na kufunika macho yote mawili. Ndani kulikuwa na skrini ndogo za LCD, na masikioni spika za stereo. Vihisi vilipima mwendo wa kichwa ili mchezaji anapogeuka, picha nayo igeuke. Bei iliyopangwa ilikuwa dola 200 za Marekani, wakati ambapo vifaa vya aina hiyo katika maabara viligharimu maelfu ya dola. Michezo minne ilitayarishwa: Nuclear Rush, Iron Hammer, Matrix Runner na Outlaw Racing.

Kusitishwa

Mradi uliachwa mwaka 1994. Sega ilieleza kuwa picha zilikuwa halisi mno hata wachezaji wangeweza kujiumiza kwa kusogea huku na huko. Maelezo hayo ni magumu kuyakubali, kwani Mega Drive ni mashine ya biti 16 iliyotoka Japani mwaka 1988 na haikuundwa kwa ajili ya michoro ya pande tatu. Tom Kalinske, aliyeongoza Sega ya Marekani, alisema baadaye kwamba watu waliokijaribu walipata kichefuchefu na maumivu makali ya kichwa.

Chanzo cha hali hiyo ni mgongano wa hisia. Abiria anayesoma simu ndani ya basi lililopita Mikumi na sasa linapanda kona za Kitonga kuelekea Iringa huchefuka kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo, ilhali macho yanaona maandishi yaliyotulia. Katika uhalisia pepe mambo hugeuka: macho yanaona mwendo, mwili umekaa kitini. Picha ikichelewa hata kidogo kufuata kichwa, ubongo hupokea taarifa zinazopingana, na tumbo ndilo hulipa. Kwa prosesa ya takriban megahezi 7.6, Mega Drive haikuweza kuchora picha kwa kasi ya kutosha kuepuka tatizo hilo.

Kupatikana kwa Nuclear Rush

Mwaka 2020 msimbo wa Nuclear Rush ulipatikana katika diski ya mwaka 1994 iliyokuwa imehifadhiwa na Kenneth Hurley, mmoja wa watengenezaji wake. Rich Whitehouse wa Video Game History Foundation, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya michezo ya video, aliurekebisha msimbo huo, kisha akaandika programu inayoiga Sega VR. Hivyo mchezo huo unaweza kuchezwa kwa miwani ya kisasa, ingawa kifaa ulichotengenezewa hakikuwahi kuuzwa.