Je, Wajua? Bampa Halina Mkwaruzo, Shingo Haigeuki

Haya, sogea hapa kwenye benchi. Uko kwenye foleni, gari la nyuma limekusukuma kidogo, mmeshuka, mmekagua bampa, mmecheka, mmepeana mikono na kila mtu kashika njia yake. Asubuhi unataka kuitazama saa ya ukutani, shingo inagoma! Je, wajua kwamba maumivu ya aina hii yana kawaida ya kuchelewa saa kadhaa, pengine siku nzima au mbili?

Shika kichwa chako kwanza. Kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, na kimesimama juu ya shingo nyembamba kama tikiti juu ya kikombe. Ukigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mgongo mbele, kichwa kinabaki pale pale, na kwa kufumba na kufumbua shingo inapinda mfano wa herufi S. Mchezo wote unaisha chini ya nusu sekunde!

Kwa Kiingereza jeraha hilo limepewa jina la mjeledi, kwa vile shingo hurushwa kama ncha ya kiboko. Wafaransa je? Wao husema "pigo la sungura", kwa sababu ndivyo mwindaji anavyommaliza sungura, kwa kumpiga kisogoni. Sisi tunasema tu "shingo imekaza", tunatafuta dawa ya kuchua.

Je, wajua mwendo unaotosha kukuumiza? Mwaka 1998 watafiti waliwakalisha watu 42 waliojitolea ndani ya gari wakawagonga kwa nyuma, makusudi kabisa. Kasi ya gari ilipobadilika kwa kilomita 4 tu kwa saa, mwendo wa bibi anayetoka sokoni, karibu asilimia 29 walipata dalili. Ilipofika kilomita 8, asilimia 38!

Sasa subiri, ujionee kichekesho cha Wajerumani. Mwaka 2001 waliwaalika watu 51 kwenye jaribio la kugongwa, wakawapigia kishindo cha bampa na vioo, lakini gari lenyewe halikugongwa hata kidogo. Ndani ya siku 3, mmoja kati ya kila 5 alisema anaumwa!

Usikimbilie kusema basi wote ni waongo. Mwili nao una ujanja wake: wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari Henry Beecher wa Marekani aliwahoji majeruhi 215 wa vita, watu waliopasuliwa na mabomu na risasi. Robo tatu hivi hawakutaka dawa ya maumivu! Mwili ulioshtuka huahirisha kilio, kwa hiyo ukimwambia trafiki "mimi mzima" dakika 5 baada ya kugongwa, wewe husemi uongo, hujapata taarifa tu.

Kaa sawa, maana hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Tarehe 9 Juni 1865 treni ilianguka darajani Staplehurst, Uingereza, watu 10 wakafa. Ndani yake alikuwamo mwandishi Charles Dickens, na behewa lake likabaki linaning'inia. Alitoka bila jeraha la kuonekana, akachota maji kwa kofia yake kuwanywesha majeruhi, kisha, hebu fikiria, akapanda tena ndani ya lile behewa kuchukua mswada wa riwaya yake! Siku zilizofuata ndipo mwili ulipodai chake: sauti ikapotea, mikono ikatetemeka, na treni akaiogopa mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ulikuja lini? Tarehe 9 Juni 1870, miaka 5 kamili, siku ile ile!

Mwaka mmoja tu baada ya ajali ya Dickens, 1866, daktari wa upasuaji John Eric Erichsen wa London alichapisha kitabu kuhusu abiria wa treni waliotoka kwenye ajali wakiwa wazima, kisha wakaanza kuugua. Ugonjwa ukabatizwa "uti wa mgongo wa reli". Mawakili wa abiria wakakishika kitabu kama msahafu, mawakili wa makampuni ya reli wakakipinga kwa nguvu zote. Mabishano ya bima unayoyasikia leo yamezaliwa kwenye reli, kabla gari la petroli halijatengenezwa!

Unakijua kile kiegemeo cha kichwa kwenye kiti cha gari, ambacho wengi wetu tunatundikia shati la kazini? Marekani ilikifanya cha lazima kwenye viti vya mbele vya magari madogo tangu tarehe 1 Januari 1969. Kazi yake si usingizi, ni kuidaka ile S! Kipandishe mpaka kilingane na utosi wako.

Wanawake huumia shingo kwa urahisi zaidi kuliko wanaume kwenye ajali hizi, lakini kwa miaka na miaka masanamu ya kupimia ajali yalichongwa kwa umbo la mwanamume. Nchini Sweden, timu ya mhandisi Astrid Linder ilitoa mwaka 2022 sanamu la mwanamke wa wastani la kupimia ajali ya kugongwa nyuma. Urefu sentimita 162, uzito kilo 62. Mwaka 2022, dada yangu!

Na hili litakushangaza: kwa shingo, maumivu yanayochelewa yanaweza kuwa habari njema. Madaktari wa Kanada walipima wagonjwa 8,924, na mwaka 2001 wakatoa kanuni ya kuamua nani apigwe picha ya shingo na nani asipigwe. Moja ya dalili za unafuu ni kwamba maumivu hayakuanza papo hapo! Mwenye dalili kama hiyo, kama hana alama za hatari, huambiwa ageuze shingo nyuzi 45 kulia na kushoto. Akiweza, picha haihitajiki.

Kwa kichwa, mambo ni kinyume chake. Mwaka 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye theluji huko Kanada, akainuka, akazungumza, akakataa msaada. Siku 2 baadaye alifariki, damu ilikuwa imevujia ndani ya fuvu. Kwa wazee damu huweza kuvuja polepole hata kwa wiki kadhaa baada ya pigo dogo tu, kwa hiyo babu akianza kupoteza maneno au kuumwa kichwa kisichopoa, usimwambie ni uzee. Mpeleke hospitali.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo pesa ilipo. Ukiripoti polisi, Tanzania unapewa RB na fomu ya PF3, Kenya unapewa namba ya OB na fomu ya P3, na fomu hizo hutolewa bure. Anayekuambia "toa ya karatasi" anakula yake! Na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, kwa hiyo damu ikitoka, hospitali kwanza, fomu baadaye.

Je, wajua una muda gani wa kwenda mahakamani kwa uzembe wa dereva? Tanzania miaka 3, Kenya miaka 3. Mingi, eh? Usitabasamu bado: ukigongwa na gari la Serikali, Kenya muda unashuka hadi miezi 12, na Tanzania ni lazima kwanza uipe Serikali notisi ya siku 90.

Lakini vipi kama ugonjwa umejificha hadi muda umekwisha? Mwaka 1963 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Uingereza walishindwa kesi mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Vumbi lilikuwa limewaharibu mapafu, na saa ya sheria ilianza kugonga kabla wao wenyewe hawajajua kuwa ni wagonjwa! Majaji waliiona dhuluma hiyo, wakasema mikono yao imefungwa. Mwaka huo huo Bunge likabadili sheria, na wazo hilo likasafiri hadi Kenya: kifungu cha 27 cha sheria ya ukomo wa madai kinaruhusu mahakama kumsikiliza aliyechelewa, kama mambo ya msingi kuhusu jeraha lake hayakuwa yamejulikana kwake. Ila ukisema "sikujua sheria", hapo umekwama.

Dereva aliyekugonga akitozwa faini mahakamani, je, wewe unapata ngapi? Sufuri! Faini inaingia serikalini. Lakini hukumu ile usiitupe, maana kwenye kesi yako ya fidia, Kenya na Tanzania pia, ni ushahidi kwamba dereva alitenda kosa.

Ile bima ndogo ya mtu wa tatu unayoidharau, hailipi hata taa ya gari la mwenyewe. Kazi yake ni wewe uliyegongwa! Na ukigongwa na gari la Zambia pale Tunduma, au la Uganda pale Busia, ipo Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987, inayovusha bima mpakani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi haikuirudisha. Wajanja, sivyo?

Wakenya, hili ni lenu. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, fidia ya majeraha ikiwemo, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Siku 60! Kuna harusi zinazopangwa kwa muda mrefu kuliko huo.

Mwaka 1889, Wisconsin huko Marekani, mtoto wa miaka 11 alimpiga mwenzake wa miaka 14 teke dogo la ugokoni darasani. Aliyepigwa hata hakulisikia. Dakika chache baadaye maumivu yakalipuka, na mguu ukalemaa, kwa sababu ulikuwa na jeraha la zamani. Mahakama ikasema ukimpiga aliye dhaifu, unamlipa kama alivyo! Wanasheria wanaifundisha kesi hiyo mpaka leo, na ndiyo maana "shingo yako ilikuwa mbovu tangu zamani" si jibu la kumwokoa aliyekugonga.

Kampuni ya bima ikikuletea hati ya kupokea malipo ya mwisho, soma neno "mwisho" mara mbili. Ukishasaini, jeraha linalojitokeza mwezi ujao ni lako na mkeo. England na Wales wameona bora wazuie kabisa: dai la shingo haliruhusiwi kumalizwa bila ripoti ya daktari. Nao wana bei, kama duka! Mwaka 2021 walianza na pauni 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi 3, hadi pauni 4,215 kwa yanayofika miaka 2.

Wenye ndugu Florida, wapigieni simu. Huko bima ya lazima hulipa matibabu hadi dola 10,000, lakini ukichelewa kumwona daktari zaidi ya siku 14, hupati kitu! Tennessee una mwaka 1 wa kushtaki, Maine una miaka 6, na zote ni Marekani ile ile.

New Zealand ndiyo kiboko. Tangu tarehe 1 Aprili 1974 aliyeumia ajalini hashtaki mtu kudai fidia ya jeraha lake. Mfuko wa taifa unalipa, hata kama kosa ni lako, hata kama wewe ni mtalii uliyeshuka jana. Afrika Kusini nao hukata zaidi ya randi 2 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya majeruhi wa barabarani, na aliyegongwa na gari lililokimbia ana miaka 2 ya kudai badala ya 3.

Saskatchewan, jimbo la Kanada, waliacha mtindo wa kushtakiana mwaka 1995. Unadhani nini kilitokea? Madai ya shingo yakapungua kwa zaidi ya robo, na muda wa kulifunga dai ukashuka kutoka siku 433 hadi kama siku 200! Nikikwambia mafaili huumiza shingo, utanicheka.

La kuondokea. Ujerumani una miaka 3, lakini saa haianzi kugonga siku ya ajali, inaanza mwaka unapoisha. Aliyegongwa tarehe 31 Desemba saa 5 na dakika 50 usiku ana miaka 3 na dakika 10. Aliyegongwa robo saa baadaye, fataki zikilia, ana karibu miaka 4! Kwa hiyo ukiwa Berlin kwenye foleni ya mkesha na unaona taa za gari la nyuma zinasogea, mwombe dereva asubiri kidogo.