SIMU IKIIBWA: TUSIMFUNGULIE MWIZI MLANGO

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Zamani mshahara tuliupokea mkononi, tukauhesabu mbele ya karani, tukaenda nao nyumbani. Leo wengi wetu hapa Mudende, na Rubavu nzima, tunalipwa kwa simu au kupitia SACCO ya sekta. Huduma ya MoMo ilianza Rwanda mwaka 2010, na sasa karo ya watoto, akiba ya Ejo Heza na mchango wa msiba vyote vinapita humo. Kwa hiyo mwizi akichukua simu yako amechukua pochi, daftari la majina na picha za familia kwa mara moja.

Mwenzetu mmoja, mama mchuma chai, aliibiwa simu kwenye foleni ya basi siku ya mshahara. Alirudi nyumbani kwa huzuni, akasema atashughulikia wiki ijayo. Siku ya tatu ujumbe ukafika kwenye simu ya binti yake. Watu wasiojulikana walisema wana picha zake zote na kitambulisho chake. Walitaka nambari ya siri siku hiyohiyo, la sivyo watasambaza picha na kukopa pesa kwa jina lake. Mama aliogopa, akaitoa. Usiku huohuo pesa zote zikaondoka. Kisha jamaa zake wakaandikiwa kwamba amelazwa hospitali, wamtumie pesa ya dawa. Wawili walituma.

Hatumlaumu mama huyu. Tunataka kila mmoja wetu aelewe jambo moja: mwenye ufunguo hapigi hodi. Kama wale wezi wangekuwa wameshaingia kwenye pesa zake, wasingehangaika kumwandikia. Kitisho kile kilikuwa dalili kwamba mlango ulikuwa bado umefungwa, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuufungua.

SIMU NI VITU VIWILI

Kuna chombo chenyewe, na kuna laini iliyo ndani yake, yaani simukadi. Wengi wetu tunalilia chombo. Lakini mwizi mjuzi hutoa laini na kuitia kwenye simu nyingine. Hapo ile nambari ya kufungulia kioo haikusaidii tena. Simu zako zinaingia kwake, na nambari za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe anazisoma yeye. Basi cha kufunga kwanza ni laini.

MAMBO YA KUFANYA SAA ILEILE

Kwanza, azima simu ya mwenzako, upigie kampuni ya laini yako. Kwa MTN ni 100. Waambie wafunge laini na akaunti ya pesa. Usingoje kesho.

Pili, wajulishe SACCO au benki yako, na karani wa mishahara kazini.

Tatu, waambie jamaa na wenzako wa kikundi cha akiba kwamba simu imeibwa, wasitume pesa kwa ujumbe wowote wenye jina lako.

Nne, nenda kwa kampuni ya laini na kitambulisho chako, upewe laini mpya yenye nambari ileile. Ukifungua WhatsApp kwa laini hiyo kwenye simu nyingine, ile ya mwizi hutoka.

Tano, mwenye simu ya kisasa aingie kwenye akaunti yake ya Google au Apple kutoka simu ya mtu anayemwamini, aifunge simu iliyoibwa au afute vilivyomo. Akishamaliza abadilishe neno la siri.

Sita, ripoti kwa polisi, 112, au Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ambayo simu yake ya bure ni 166.

VITISHO VIKIJA

Vitisho vina sura nyingi. Mmoja atajifanya mtu wa kampuni, aseme simu yako imepatikana, bonyeza hapa uandike neno la siri. Mwingine atakuambia uiondoe simu kwenye akaunti yako ya Apple, eti ndipo data yako itakuwa salama. Huo ni uongo. Ukiiondoa, umemfungulia kufuli ili aiuze kama simu halali. Mwingine atataka pesa ili asisambaze picha.

Jibu letu kwa wote ni moja: usijibu, usibonyeze, usilipe. Anayelipwa leo atarudi kesho. Lakini usifute ujumbe huo. Uhifadhi pamoja na nambari iliyoutuma, kwa maana ni ushahidi. Sheria ya Rwanda nambari 60 ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao inaadhibu kuingia kwenye data ya mtu bila ruhusa na kumsumbua kwa vitisho.

KABLA HAIJAIBWA

Tusiweke kitambulisho ndani ya kifuko cha simu. Vikienda pamoja, utaipataje laini mpya? Tena ile indangamuntu yenye tarakimu 16, tarakimu ya pili hadi ya tano ni mwaka wako wa kuzaliwa. Anayefanya mwaka huo kuwa nambari ya siri amemwachia mwizi jibu mkononi.

Weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe. Atakayekosea mara tatu laini itajifunga. Piga *#06#, andika tarakimu 15 za simu yako kwenye daftari nyumbani. Piga pia *125# uone laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, peleka habari kwa kampuni.

SEHEMU YA MWAJIRI

Ndugu, tusibebeshwe mzigo huu peke yetu. Tumeona mahali pa kazi ambapo orodha ya mishahara imebandikwa ukutani, yenye jina, kitambulisho na nambari ya simu ya kila mtu. Mpita njia yeyote anaweza kuinakili. Sheria nambari 058 ya mwaka 2021 juu ya ulinzi wa data binafsi inamtaka anayeweka habari za watu azitunze kwa usalama. Muda wa kujiandaa ulikwisha Oktoba 2023. Zikivuja, anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mitandao, NCSA, katika saa 48.

Kwa hiyo katika mikutano ya matawi tudai mambo mawili. Orodha hizo ziondolewe ukutani. Na nambari ya kupokelea mshahara isibadilishwe kwa simu wala kwa ujumbe, ila mfanyakazi mwenyewe afike, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Mwisho, anayeibiwa asione haya. Mama yule alinyamaza siku tatu, na siku hizo tatu ndizo alizozihitaji mwizi. Njoo kwa mwakilishi wako siku ileile. Mwizi hupenda mtu aliye peke yake na mwenye hofu. Sisi tuko wengi.

Umoja ni nguvu.