Safari na Afya: Mwili Nao ni Mgeni

Katika mji wa Nairobi kuna mtaa uitwao Kariokor, na katika mji wa Dar es Salaam kuna mtaa uitwao Kariakoo. Asili ya majina hayo ni moja: yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, waliobeba vyakula na risasi katika vita vya mwaka 1914 hata 1918. Watu huyataja kila siku, lakini si wengi wakumbukao kwamba ndani yake mna fundisho kubwa juu ya safari na afya ya binadamu.

Wachukuzi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki. Waliouawa kwa silaha walikuwa wachache. Wengi sana waliuawa na maradhi, hasa kuhara damu, malaria na kichomi. Tena wengi walikuwa vijana wenye nguvu, waliozoea kulima na kubeba mizigo. Yawezekanaje basi kijana wa namna hiyo kufa bila kuguswa na adui?

Jibu ni kwamba walibadilishiwa mambo yote kwa mara moja. Watu wa milimani, penye baridi, walipelekwa katika mabonde yenye joto na mbu. Waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi unga huo haukuiva vema, kwa kuwa nafasi ya kupika ilikuwa ndogo. Walikunywa maji waliyoyakuta njiani na kulala mvuani. Zaidi ya hayo, wengi hawakwenda kwa hiari yao, maana katika mwaka 1917 watu walikusanywa kwa amri. Mtu mwenye huzuni hupungukiwa na usingizi na hamu ya chakula, na mwili wake huchoka upesi.

Leo msafiri hupanda basi au gari moshi, wala habebi mzigo kichwani. Lakini mwili wake haukubadilika. Ukitoka Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000, ukashuka Mombasa, waweza kufika siku ile ile. Mwili hauwezi kwenda mbio kiasi hicho. Kuzoea joto huuchukua kama juma moja au mawili. Kwa hiyo, katika siku za kwanza yafaa kunywa maji safi kwa wingi, na kuziacha kazi nzito za jua la mchana.

Jambo la hatari zaidi ni malaria. Mtu aliyekulia penye ugonjwa huo, akaumwa mara nyingi tangu utotoni, hupata kinga kiasi fulani. Mtu wa nyanda za juu hana kinga hiyo. Na tena, kinga hii hupungua mtu akihama na kukaa miaka mingi mahali pasipo na malaria.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Karani mzaliwa wa kando ya Ziwa Victoria, aliyefanya kazi Nairobi miaka kumi, huenda kwao wakati wa likizo pamoja na watoto wake. Hujiona mwenyeji, naye husema, “Mimi nimezaliwa huku, mbu wa huku wananijua.” Kwa desturi na lugha ni mwenyeji kweli, kwa damu yake amekuwa mgeni. Na watoto wake waliozaliwa Nairobi ni wageni kabisa. Homa ambayo binamu zao wa kijijini wataistahimili yaweza kuwaua wao kwa muda wa siku chache.

Dawa ya jambo hili si kuacha kwenda kuwasalimu wazee. Kutembeleana huburudisha moyo, na mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima hupata nguvu mpya akionana na ndugu zake. Linalotakiwa ni kujiandaa. Kabla ya safari, mzazi aende hospitali kuuliza habari za dawa ya kuzuia malaria, kwa maana dawa nyingine huanza kutumiwa kabla ya kuondoka na kuendelea baada ya kurudi. Wote walale ndani ya chandalua chenye dawa, kwa sababu mbu wa malaria huuma hasa usiku. Maji ya kunywa yachemshwe. Na katika safari ndefu ya basi, abiria ashuke kila kituo anyoshe miguu, ili damu isigande miguuni.

Kisha kuna jambo lisahauliwalo. Malaria haionekani siku ile ile mtu aumwapo na mbu. Kwa kawaida hupita juma moja au zaidi, na pengine miezi. Basi mtoto akishikwa na homa baada ya kurudi nyumbani, asidhaniwe kuwa ana mafua tu. Apelekwe upesi akapimwe damu, na daktari aambiwe wazi alikotoka.

Wahenga walisema, “Msafiri maskini ajapokuwa sultani.” Wachukuzi wa zamani hawakupewa nafasi ya kujiandaa. Msafiri wa leo anayo.