Bawaba za springi kwa milango ya moto: muulize mteja uzito kabla hujataja bei

Leo niwaletee kitu kidogo ambacho wengi wetu wa vifaa vya ujenzi tunakiuza kama misumari: bawaba za springi, zile zinazofanya mlango ujifunge wenyewe. Mtaani tunaziita hinji za springi. Duka langu liko Katoro, mkoa wa Geita. Elimu yangu ni form four, haya mengine nimeyapata kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi, kusumbua mafundi kwa maswali na kupekua mtandaoni usiku nikishafunga duka.

Kwa nini nayaleta sasa? Angalia zinavyopanda gesti na lodge huku kwetu, Katoro, Geita mjini, Kahama. Dhahabu inaleta watu na watu wanataka pa kulala. Ramani karibu zote zinafanana: korido moja katikati, vyumba kulia na kushoto, na kila dirisha lina nondo kwa sababu ya wezi. Mgeni aliyelala humo ana njia moja tu ya kutoka, nayo ni hiyo korido. Sasa moto ukianza chumba cha tatu, mwenye chumba akakimbia na kuacha mlango wazi, korido inajaa moshi kabla wengine hawajaamka. Hapo hata wale ambao vyumba vyao haviungui hawana pa kupita.

Hii siyo hadithi ya kutishana. Tarehe 9 Januari 2022 jengo la ghorofa huko Bronx, New York, liliwaka. Chanzo kilikuwa hita ya umeme ndani ya chumba kimoja. Moto wenyewe haukwenda mbali, lakini mlango wa chumba kile, uliotakiwa kujifunga wenyewe, haukujifunga. Moshi ukapanda na ngazi, watu 17 wakafariki, 8 kati yao watoto. London nako, kwenye moto wa Grenfell wa mwaka 2017 uliochukua watu 72, uchunguzi ulikuta milango ya vyumba isiyojifunga ilichangia moshi kusambaa. Kwa hiyo unapouza hizi bawaba, unauza kitu ambacho kitafanya kazi siku moja tu, usiku, watu wamelala.

Mteja wa kawaida anakuja hivi: "Dada, nipe hinji za springi za milango kumi na nane, zile za bei ya chini." Fundi wa watu ana haraka, bodaboda inamsubiri nje. Ukimpa za bei ya chini bila kuuliza, umemaliza biashara ya leo. Mimi namwambia, "Sawa fundi, milango yenyewe ni ya mbao gani?" Swali hilo moja linabadilisha kila kitu.

Chukua mlango wa mninga wa mita 2.1 kwa sentimita 90, unene milimita 44. Piga hesabu na mninga ulivyo mzito, unakuta mlango mmoja unapita kilo 50. Mlango wa paini wa kipimo hichohicho ni mwepesi zaidi kwa kilo nyingi. Mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani ndiyo kabisa, mtoto anaubeba, lakini huo hata usiuhesabu kwenye moto. Springi inayotosha mlango wa paini ukiifunga kwenye mninga inachoka. Boksi zuri limeandikwa uzito na upana wa mlango unaofaa na idadi ya bawaba zinazotakiwa. Boksi ambalo halina hata namba moja, mimi siku hizi mzigo huo siuchukui, hata msambazaji anibembeleze vipi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, na naomba usome polepole. Springi inakuwa na nguvu kubwa mlango ukiwa umefunguka sana, kwa sababu imekazwa zaidi. Mlango unavyorudi, nguvu inapungua. Ikifika zile sentimita za mwisho, pale ulimi wa kitasa unapotakiwa kusukumwa uingie kwenye fremu, springi iko kwenye udhaifu wake. Ndiyo maana unakuta mlango umerudi vizuri halafu umesimama umeegemea kitasa, haujaingia. Kwa macho umefungwa. Ukija moto, joto na hewa vinausukuma, unafunguka. Mlango wa moto ambao ulimi haujaingia kwenye fremu ni kama haupo.

Wamarekani wana kanuni zao za milango ya moto zinaitwa NFPA 80. Mle wanasema springi irekebishwe mpaka mlango uliofunguliwa nyuzi 30, ukiachiwa tu, ujifunge na kitasa kiingie. Kwa mlango wa sentimita 90, nyuzi 30 ni kama sentimita 45 kutoka ukingo wa mlango hadi kwenye fremu. Hilo jaribio halihitaji mtaalamu. Fundi anafungua kiasi hicho, anaachia, anasikiliza "tak" ya kitasa. Kama hakuna "tak", kazi bado. Mimi nawaambia wateja wangu wasimlipe fundi mpaka wasikie "tak" kwa kila mlango. Mafundi wengine wamenichukia kwa hilo, lakini wanarudi kununua.

Mtu atasema, basi si tukaze springi sana? Ukikaza sana mlango unajibamiza. Springi haijui kupunguza mwendo. Mgeni wa saa nane usiku akiingia, lodge nzima inaamka, watoto wanaumia vidole, na wiki ya pili utakuta muhudumu ameweka tofali mlango usijifunge. Likishawekwa tofali, pesa yote ya bawaba imepotea. Ndiyo maana kwa mlango mzito wa mninga, au mlango wa korido na ngazi unaopitwa na watu mara mia kwa siku, mimi simshauri mteja springi. Namwonyesha doklosa, ule mkono wenye mafuta unaofungwa juu ya mlango, pamoja na bawaba tatu za chuma za kawaida. Doklosa ina skrubu ndogo za kurekebisha mwendo, na nyingi zina skrubu ya peke yake kwa zile sentimita za mwisho. Kwenye viwango vya Ulaya zinapangwa kwa namba za nguvu, na kwa mlango wa moto wanataka isipungue namba 3. Ni ghali kuliko springi, ndiyo, ila faida yako nayo ni nzuri zaidi. Springi zibaki kwa milango ya vyumba isiyo mizito sana.

Kuhusu madini. Kwenye majaribio ya moto ya kimataifa, tanuri linafika nyuzi joto 840 hivi ndani ya dakika 30. Zinki inayeyuka kwenye 420, alumini kwenye 660. Kwa hiyo bawaba ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu ikapendeza, au ya alumini, inaanguka mlango ukiwa bado unaungua upande mmoja. Chuma na stenlesi zinavuka hapo vizuri. Wengi tunapima kwa sumaku. Sumaku ikinasa ni chuma, sawa. Isiponasa usikimbilie kuitupa, kwa sababu stenlesi nyingi nzuri hazishiki sumaku. Hapo ndipo unarudi kusoma boksi. Angalia pia kama kuna plastiki ndani pale bawaba inapozungukia, maana joto linaimaliza mapema.

Na skrubu jamani! Watu wananunua bawaba nzuri halafu wanafunga kwa skrubu fupi walizookota saiti. Toa skrubu za chuma zilizokuja na boksi, na mwambie fundi ajaze matundu yote. Mninga atoboe kwanza, vinginevyo skrubu inakatika kichwa na fundi anaficha.

Mwambie mteja ukweli mwingine hata kama hautaki kuusema: bawaba haigeuzi mlango wa kawaida kuwa mlango wa moto. Mbao inaungua taratibu, mbao ngumu kama nusu milimita kwa dakika, laini inazidi hapo kidogo. Mlango mnene kote unaweza kushikilia. Lakini ile milango yetu ya paneli zilizochongwa maua, paneli imebaki nyembamba na maungio yanaachia, moto unapitia hapo. Mlango wa moto wa kweli umepimwa wote kwa pamoja, mbao, fremu, bawaba, kitasa, na ule mkanda wa pembeni unaovimba ukipata joto na kuziba uwazi. Uwazi wenyewe kati ya mlango na fremu uwe kama milimita 3. Fundi akikata mlango ovyo ili ufunguke vizuri, ameharibu. Ukipata mteja mkandarasi wa kambi za migodini, huyo usimuuzie kwa maneno. Atataka karatasi za vipimo, kama huna mwambie huna, umwagizie.

Halafu kuna wenye lodge wanaochanganya kujifunga na kufuli. Mlango ujifunge wenyewe, lakini aliye ndani aufungue kwa mkono mmoja bila ufunguo. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa kwenye bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana nondo. Mteja akitaka hasp na kufuli kwa mlango wa korido upande wa mwisho, mimi hilo namkatalia na namwambia sababu. Zimamoto wanakagua majengo na kutoa cheti kwa sheria ya mwaka 2007, na hicho ni kati ya vitu watakavyokiona mapema. Ushauri wao wa kabla ya kujenga ni rahisi kuliko kubomoa. Namba yao ya dharura ni 114, iandikeni hata kwenye risiti.

Mwisho ni kurekebisha, na hili ndilo linaloniletea wateja wa kudumu. Springi inakazwa mlango ukiwa umefungwa, kwa alenki au kichuma kinachokuja kwenye boksi: unaingiza, unazungusha tundu moja, unachomeka pini, ndiyo unachomoa kichuma. Bawaba zote za springi za mlango mmoja zikazwe sawa. Usiachie kichuma kabla ya pini, kinarudi kwa nguvu na kinavunja kidole. Vumbi la huku kwetu linaingia mle ndani, na mbao nayo inajikunja kiangazi na kuvimba masika, kwa hiyo mlango uliosema "tak" mwezi wa nane unaweza ukagoma mwezi wa kumi na mbili. Mimi nachukua namba ya simu ya kila aliyenunua kuanzia milango mitano, na mvua zikianza nampigia kumuuliza kama milango bado inaingia.