Vodka ya Viazi: Kutoka Shambani Hadi Chupani

Mtu aliyezoea kuona viazi mviringo vikishushwa kutoka milima ya Kabale na Kisoro kwa malori, vikielekea masokoni na majikoni, hushangaa aambiwapo kwamba katika nchi za kaskazini ya Ulaya kiazi hicho hicho hugeuzwa kuwa pombe kali iliyo nyeupe kama maji ya chemchemi. Pombe hiyo ni vodka. Wako pia wanaodhani kwamba vodka yote hutokana na viazi. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya vodka inayouzwa duniani hutengenezwa kwa nafaka, hasa ngano na rai. Ile ya viazi ni kidogo, na wanaoifahamu zaidi ni watu wa Poland, Sweden na Norway. Habari zake zafaa kujulikana na kila mwenye nyumba, anywaye na asiyekunywa, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo juu ya chakula, fedha na uhai wa watu.

MWANAMKE WA SWEDEN NA KIAZI

Katika karne ya 18 watu wa Sweden walikuwa bado hawajakizoea kiazi. Chakula chao kilikuwa mkate, na nafaka ile ile ya mkate ndiyo iliyotumiwa kupika pombe kali. Mwaka wa mavuno mabaya, tumbo na chupa viligombania gunia moja. Ndipo mwanamke mmoja wa ukoo wa kikabaila, Eva Ekeblad, aliyezaliwa mwaka 1724, alipoanza kukichunguza kiazi nyumbani kwake. Mwaka 1746 aliandikia Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden, akaeleza namna ya kupata unga na pombe kutokana na viazi. Mwaka 1748 chuo hicho kilimpokea kuwa mwanachama, naye akawa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Faida ya uchunguzi huo ilikuwa dhahiri. Ikiwa pombe yaweza kutoka katika kiazi, basi nafaka itabaki kwa mkate. Lakini mambo hayakuishia hapo. Kiazi kilipoenea nchini katika karne ya 19, pombe ikawa rahisi na nyingi mno. Jamaa za wakulima walikuwa na ruhusa ya kukeneka pombe kwa matumizi yao, na ulevi ukawa msiba wa taifa zima. Sheria za miaka ya 1850 zikabana ukenekaji wa majumbani hata ukakomeshwa. Mwaka 1922 wananchi walipiga kura juu ya kupiga marufuku pombe kabisa, na waliokataa marufuku hiyo walishinda kwa kura chache tu. Hadi mwaka 1955 mnunuzi wa pombe kali alipaswa kuwa na kitabu maalumu kilichoonyesha kiasi alichonunua.

Nchini Poland nako, karne hiyo hiyo ya 19 ilikuwa zama za mitambo ya pombe katika mashamba ya mabwana wakubwa. Viazi vilikenekwa, machicha yakalishwa ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ikarudishwa shambani kustawisha viazi vingine. Kwa bwana shamba huo ulikuwa mzunguko wenye faida kubwa. Kwa mkulima maskini haukuwa hivyo, maana bwana ndiye aliyekuwa na haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza pombe katika eneo lake, na ujira mdogo wa mkulima ukarudi mfukoni mwa bwana kwa njia ya kilabu.

JINSI INAVYOTENGENEZWA

Kazi huanza wakati wa vuli, viazi vinapochimbwa. Viwanda hupendelea viazi vyenye wanga mwingi, takriban kilo 15 hadi 20 za wanga katika kila kilo 100. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na kwa sababu hiyo kiazi huoza upesi, hakiwekeki ghalani kama nafaka.

Viazi huoshwa vikatakata udongo na mawe, kisha hupikwa kwa mvuke wenye nguvu mpaka vikavurugika kuwa uji mzito. Wanga hauwezi kuchachuka moja kwa moja. Ni lazima kwanza ugeuzwe sukari. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kutia kimea cha shayiri, kama vile wapikaji wa pombe za kienyeji hapa Afrika Mashariki watumiavyo kimea cha ulezi au cha mtama. Siku hizi viwanda vingi hutumia vimeng'enya vilivyotayarishwa maalumu.

Uji huo ukiisha kuwa mtamu hupozwa, kisha hutiwa hamira. Kwa muda wa siku tatu hivi hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni. Kinachopatikana ni togwa kali isiyopendeza macho, yenye nguvu ipatayo ile ya bia au kuizidi kidogo.

Hapo ndipo kukeneka kunapoanza. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mvuke hupandishwa katika minara mirefu ya chuma yenye sahani nyingi ndani, na katika kila sahani kileo hutengana zaidi na maji. Mnara wa namna hiyo ulipewa hataza mwaka 1830 kwa Aeneas Coffey wa Ireland, na viwanda vya leo bado vyafuata kanuni ile ile. Vodka nyingi za Ulaya huanzia kwenye spiriti iliyosafishwa hata ikafika asilimia 96. Baadaye hutiwa maji safi mpaka nguvu ishuke, kwa kawaida hadi asilimia 40. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu ipungue asilimia 37.5. Wengi huichuja kwa mkaa kabla ya kuitia chupani.

ZIKILINGANISHWA

Mtu aweza kuuliza: kama spiriti imesafishwa kiasi hicho, tofauti yatoka wapi? Jibu ni kwamba chembe chache sana zinazobaki hutosha kutambulikana ulimini. Mfano mzuri ni kiwanda cha Chopin cha Poland, ambacho hutengeneza vodka ya viazi, ya rai na ya ngano, zote zikikenekwa mara nne. Kwa kuwa mkono ni mmoja na mtambo ni mmoja, tofauti yapasa kutafutwa katika zao lenyewe. Kwa kawaida waonjaji husema vodka ya viazi ni nzito kinywani, laini kama yenye mafuta, na ina utamu kidogo pamoja na harufu ya udongo. Ya rai ina ukali unaofanana na pilipili manga. Ya ngano ni nyepesi.

Luksusowa, nayo ya Poland, ilianza kuuzwa mwaka 1928, nayo yajulikana kwa ulaini huo wa viazi na kwa bei isiyotisha. Karlsson's Gold ya Sweden yafuata njia nyingine: hutengenezwa kwa viazi vichanga vya aina mbalimbali kutoka kusini mwa nchi, na hukenekwa mara moja tu ili ladha ya kiazi isipotee. Ndiyo maana yafaa zaidi kwa mtu atakaye ladha, kuliko yule atakaye kinywaji kisicho na harufu. Ajabu ni kwamba Absolut, vodka ya Sweden iliyo mashuhuri kuliko zote, si ya viazi. Ni ya ngano. Watu wa Norway hutumia spiriti ya viazi kwa pombe yao iitwayo akevitt, yenye kisibiti. Aina moja, Linie, hupakiwa melini katika mapipa ya mbao na kuvushwa mstari wa Ikweta mara mbili kabla ya kuuzwa. Wenyeji huamini kwamba joto na msukosuko wa bahari huiivisha.

Waonjaji wa kazi hawanywi vodka ya baridi kali wakati wa kuipima, maana baridi huficha kasoro. Huipima ikiwa na joto la chumbani, kidogo kidogo, na wengi huitema.

Hata maana ya neno vodka imegombaniwa. Poland, Sweden, Finland na jirani zao walitaka jina hilo litumike kwa pombe ya nafaka na viazi tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 ikapatanisha: vodka ya zabibu au ya kitu kingine yaruhusiwa, ila kibandiko sharti kitaje zao hilo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara husoma kibandiko kabla ya kutazama urembo wa chupa.

HESABU YA JIKONI

Kilo 100 za viazi hutoa takriban lita 10 za kileo kitupu. Chupa moja ya mililita 700 yenye nguvu ya asilimia 40 ina mililita 280 za kileo hicho. Maana yake, chupa moja imemeza karibu kilo tatu za viazi. Kwa ngano, hata kilo moja haifiki. Basi vodka ya viazi yahitaji mzigo mkubwa zaidi, magari zaidi na haraka zaidi kabla mazao hayajaoza, na ndiyo sababu viwanda vingi vimehamia kwenye nafaka. Mama wa nyumbani hahitaji mtaalamu kumwambia kilo tatu za viazi zingelisha watoto wangapi.

SUMU ISIYOONEKANA

Pamoja na kileo cha kawaida, uchachukaji waweza kutoa methanoli kidogo. Viwanda huipunguza kwa minara yao, na sheria ya Ulaya hairuhusu izidi gramu 10 katika kila lita 100 za kileo kitupu cha vodka. Hata hivyo maafa makubwa hutokea hasa pale wafanyabiashara wasio na huruma wanapochanganya pombe na methanoli ya viwandani kwa sababu ni rahisi. Mwaka 2010 waragi ya namna hiyo iliua makumi ya watu katika wilaya ya Kabale, huko huko kwenye nchi ya viazi. Mwaka 2012 watu wapatao hamsini walikufa nchini Czech, na serikali yao ikasimamisha kwa muda uuzaji wa pombe kali. Uganda yenyewe ilikomesha pombe kali za vifuko mwaka 2019.

Methanoli haitambuliki kwa macho, wala kwa pua, wala kwa ulimi. Mtu huweza kulala akiwa mzima, akaamka kesho yake kichwa kikimgonga, tumbo likimsokota, na macho yakiona ukungu. Huo si uchovu wa pombe wa kila siku. Sumu hiyo huharibu mshipa wa macho, nayo huua. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, na waganga waelezwe wazi alichokunywa. Dawa yake ipo, lakini msaada wake hupungua kadiri mgonjwa anavyochelewa. Asifichwe kwa kuona haya, wala kwa kuogopa mkubwa wake kazini. Waliokunywa naye watafutwe pia, hata wale wasemao kwamba hawajambo.

Anayekunywa na anunue chupa iliyofungwa, yenye kibandiko na jina la kiwanda, katika duka lenye leseni. Pombe isiyojulikana ilikotoka iachwe, hata ikitolewa bure na rafiki katika karamu ya mshahara.